Minara Miwili na Skuli ya Watu Wote

Anayekuja Unguja kwa boti kutoka Dar es Salaam huiona mapema: minara miwili juu ya mapaa ya Mji Mkongwe. Kanisa la Mtakatifu Yosefu, lililojengwa na mapadri Wafaransa miaka ya 1890, halihitaji kibao. Mwambie dereva wa teksi "Minara Miwili", atakushusha karibu. Kulifikia hasa ni shughuli nyingine. Vichochoro vinakuzungusha, na ukifika, mlango mkubwa mara nyingi umefungwa. Unazunguka nyuma, unapita uani kwa masista, ndipo unaingia.

Krismasi ya 2025, mwaka wa Jubilei wa Kanisa zima, ilitimia miaka 165 tangu Padri Armand Fava na wenzake kutoka kisiwa cha Réunion wafike hapa, Desemba 1860, siku za Sultani Majid bin Said. Walifuatana na masista na daktari. Wakafungua hospitali, karakana, na mahali pa kuwasomesha watoto waliokombolewa utumwani. Mapadri wa Roho Mtakatifu wakaipokea kazi hiyo mwaka 1863, na mwaka 1868 wakavuka kwenda Bagamoyo. Wanaosimulia historia ya Kanisa hukimbilia Bagamoyo wakifika hapo, kama kwamba Unguja ilikuwa gati tu la kushukia. Sisi tunabaki Unguja.

Kwa sababu Unguja ndiko lilikojibiwa swali gumu: taasisi ya Kikatoliki iishi vipi katika mji ambao karibu kila mtu ni Muislamu? Jibu lilitoka darasani zaidi kuliko mimbarini. Skuli ya Konventi ya Mtakatifu Yosefu ilikuwa na watoto wa Wagoa, watu wenye asili ya Goa, India, makarani na mafundi cherehani waliokuwa wakilijaza Minara Miwili kila Jumapili, lakini haikuishia kwao. Waandishi wa maisha ya Farrokh Bulsara, mtoto wa Kiparsi aliyezaliwa hapa mwaka 1946 na ambaye dunia inamjua kwa jina la Freddie Mercury, wanasema naye alipita Konventi aliporudi kutoka India. Watalii hupiga picha nyumba wanayoonyeshwa kuwa yake, Shangani. Wachache huuliza alisoma wapi. Mparsi kwa masista Wakatoliki katika mji wa Waislamu, na hakuna aliyeona ajabu.

Yakaja Mapinduzi ya Januari 1964, na serikali ikazichukua skuli zote. Konventi ndiyo Skuli ya Tumekuja ya leo. Wagoa wengi waliondoka, na Jumapili viti vikabaki vitupu. Ungedhani habari imekwisha. Mwaka 1980 Zanzibar ikafanywa jimbo kamili, na waumini wapya, wengi wao watu wa Bara waliofuata kazi za serikali na za hoteli, wakavijaza tena viti vile. Skuli za Kikatoliki nazo zikarudi.

Mojawapo inaitwa Francis Maria Libermann. Jina hilo tunalipenda kwa sababu yake. Libermann alizaliwa Alsace mwaka 1802, mtoto wa rabi wa Kiyahudi. Alibatizwa mwaka 1826, akaja kuwa kiongozi wa shirika la Roho Mtakatifu, lile lililoleta mapadri wake Unguja. Basi mtoto wa Kizanzibari anayesoma hapo asubuhi, na alasiri akaenda chuoni kusoma Kurani, amevaa shati lenye jina la mtoto wa rabi.

Hatusemi mambo yalikuwa asali tupu. Krismasi ya 2012 Padri Ambrose Mkenda alipigwa risasi akajeruhiwa. Tarehe 17 Februari 2013 Padri Evarist Mushi akauawa kwa risasi asubuhi ya Jumapili, akielekea kuadhimisha misa. Jubilei isiyowataja ni sherehe ya keki tu.

Siku hizi wapo wanaoshauri skuli zetu zifiche msalaba ili mgeni asione tabu. Tunakataa. Mzazi wa Kiislamu anayemleta binti yake kwa masista anajua vizuri kwamba ni masista. Nidhamu yao na masomo yao ndiyo aliyofuata, na angeshangaa kuwaona wanajificha. Anachoomba ni kwamba binti yake aingie na ushungi wake, afunge Ramadhani yake kwa amani, wala asivutwe dini kwa pipi. Ni haki yake. Na mtoto Mkatoliki naye asiishie kuwa mwenyeji mpole wa watu wengine: afundishwe katekisimu barabara, kwani tumeona wanaomaliza kidato cha nne hawajui kueleza sakramenti wanazozipokea.

Na wewe uliyesoma Konventi kabla ya 1964, uwe Muislamu, Mgoa, Mhindu au Mparsi, uwe Unguja, Muscat au London: andika sasa majina ya walimu wako, uyapeleke Minara Miwili pamoja na picha za darasa lako. Pita uani; mlango wa nyuma uko wazi.