"Maliza Tu" ni Ushauri Mbaya

Najua mtauliza: wewe uliyeacha chuo mwaka wa tatu, hata digrii ya kwanza huna, utamshauri nini mtu wa masters? Jibu ni kwamba nakula kwa tasnifu zenu. Nahariri. Mnaniletea zikiwa zimekwisha, au mnavyodhani zimekwisha, nami narekebisha sarufi, napanga majedwali, nawinda marejeleo yaliyopotea. Kwa hiyo nimezisoma zote hadi mwisho, jambo ambalo sina hakika kila msimamizi wenu amelifanya.

Karibu kila anayeniletea ameshapewa ushauri uleule: maliza tu. Wanadarasa wamemwambia, mumewe amemwambia, bosi amemwambia. Hakuna atakayeisoma, itakaa maktabani ikusanye vumbi. Maliza tu uvae joho.

Naupinga ushauri huu, tena kwa sababu rahisi: haumalizishi. Mtu akiambiwa amalize tu, anakimbilia kiolezo. "Athari za Mikopo ya Simu kwa Ukuaji wa Biashara Ndogondogo katika Kaunti ya Kiambu." Kaunti nzima, jameni! Halafu anafungua jedwali la Krejcie na Morgan la 1970, anakuta 384, anaandika 384. Tangu siku hiyo ana deni la hojaji 384, likizo ya kazini ni wiki mbili, nauli ni yake, na karo ya muhula mwingine inakuja. Akifikisha 90 amechoka. Hizo zingine kwani hatujui zinajazwa wapi? Kitandani, usiku, kwa kalamu tatu tofauti.

Na la kuudhi zaidi, hiyo 384 haikuwa na maana tangu mwanzo. Jedwali lile linachukulia kwamba umechagua watu kwa nasibu, kila mmoja akiwa na nafasi sawa ya kuchaguliwa. Wewe orodha ya mama mboga wote wa Kiambu uliitoa wapi? Ulihoji waliokuwa hawana wateja asubuhi ile. Wawe 384 au 3,840, bado ni waliokuwa hawana wateja asubuhi ile. Hata ile alfa ya Cronbach mnayoipigia debe, sijui 0.8, sijui 0.9, inaonyesha tu kwamba majibu ya maswali yako yanaendana. Haisemi yanapima nini. Hojaji zilizojazwa na mtu mmoja usiku mmoja zinaweza kupata alfa safi kabisa. Turnitin nayo inalinganisha maneno. Haijui kama ulifika Githurai.

Basi punguza. Soko moja. Wanawake kumi na wawili. Swali moja ambalo jibu lake kwa kweli hulijui. Chukua Fuliza: pesa ikiingia kwenye laini ya anayedaiwa, deni linajikata lenyewe. Sasa mama wa nyanya aliyefuliza jana, leo mteja akimlipa kwa simu, si hela inamezwa kabla hajanunua kreti nyingine? Anafanyaje? Anapokea kwa laini ya nani: yake ya pili, ya binti yake, ya jirani? Na jirani akikawia kumpa? Hayo hayajibiki kwa "nakubali sana, nakubali, sina hakika". Lazima ukae, umsaidie kuambua minji, unyamaze, umsikilize akikatizwa na wateja. Ni wikendi nne hivi. Siku ya kutetea kazi, mtahini akikubana, utakuwa na kitu cha kusema kwa sababu ulikuwepo.

Mtaniambia idara haikubali kumi na wawili. Zingine kweli hazikubali, na kuna msimamizi ambaye bila asilimia haoni utafiti. Lakini wengi wenu mnaenda kwake mikono mitupu kisha mnashangaa akiwapa kiolezo. Mpelekee kurasa mbili zinazoeleza kwa nini swali hili linahitaji mazungumzo marefu na watu wachache. Na kila mkitoka kikaoni, siku hiyohiyo mwandikie barua pepe: tumekubaliana hivi, nitaleta hiki, tarehe fulani. Msimamizi akienda likizo ya masomo na ukapewa mwingine, barua hizo ndizo zitakazokuzuia kurudishwa Sura ya Kwanza.

Na wale wa "niandikie Sura ya Nne, data utatunga", sitaki. Kibali cha NACOSTI kilikuruhusu wewe kwenda kuwaomba watu muda wao. Wapo waliokupa. Kuna mama aliyeacha meza yake akajibu maswali arobaini akidhani yatafika mahali, kisha karatasi yake ikachanganywa na za kitandani, na haohao wakatoka Sura ya Tano na pendekezo kwa serikali ya kaunti: wanawake wafanyabiashara wapewe mafunzo ya kutunza fedha. Watu wanaozungusha laini tatu na hesabu za chama kichwani!

Pendekezo hilo nimelihariri mara nyingi hadi nalijua kwa moyo. Safari moja nilimuuliza mwenye kazi ni nani kati ya wale aliowahoji aliyeomba mafunzo. Akaniambia hakuna, ila lilikuwa kwenye tasnifu aliyoifuata kupanga yake.