Nyutro Si Akiba

Naomba ndugu zangu madereva wa Tarime na Serengeti wanisamehe, kwa maana nitakayoyasema hayatawapendeza. Mtindo wa kuteremka mlima gari likiwa nyutro, kwa madai ya kubana mafuta, unapoteza mafuta yale yale tunayodai kuyabana, na siku moja utapoteza na roho za watu.

Nasema hivi kwa sababu yalinikuta. Nilikaa mbele katika gari dogo la Kijapani, la otomatiki, tukitoka Tarime mjini kwenda Musoma, watu wanane mahali pa watano. Kila tulipopata mteremko, dereva alisukuma mkono wa gia kutoka D hadi N, akaliacha gari lijiendee. Kabla ya kufika daraja la Kirumi katika Mto Mara, ng'ombe wakaingia barabarani. Alikanyaga breki, harufu ya kuungua ikajaa garini, tukasimama hatua chache tu kutoka kwa mchungaji, mtoto wa miaka kama kumi. Nikamwambia, “Mura, ungeua.” Akanijibu kwa upole, “Mzee, mafuta ni ghali.”

Jibu hilo ndilo ninalolipinga. Enzi za kabureta lilikuwa na ukweli ndani yake, kwani injini iliendelea kuvuta petroli hata mguu ulipoondolewa. Magari ya otomatiki tunayoendesha leo, mengi yao, hupulizia mafuta kwa nozeli zinazoongozwa na kompyuta. Ukiachia mafuta gari likiwa kwenye D na lina mwendo, kompyuta hufunga nozeli. Magurudumu ndiyo yanayozungusha injini. Ukitia nyutro, injini hubaki peke yake, nayo sharti ichome mafuta ili isizimike. Basi akiba iko wapi? Labda kwenye mteremko mdogo sana, ambako D ingelivuta gari nyuma, utaokoa matone machache. Kwenye milima yetu utaokoa nini, zaidi ya kuzichosha breki?

Wapo hata wanaozima injini kabisa. Hao wajue kwamba breki hupoteza msaada wake baada ya kukanyagwa mara chache, usukani huwa mzito, na pampu ya oili ya gia boksi husimama. Kwenye mteremko mkali weka 2 au L, injini ikusaidie kulizuia gari.

Kisha kuna malalamiko kwamba otomatiki inakula mafuta. Mara nyingi anayekula ni mguu. Ukikandamiza, gia boksi hung'ang'ania gia ndogo; ukilegeza kidogo mwendo ukishakolea, hupanda gia yenyewe. Nimeona magari yakitoka Mugumu taa ya O/D OFF ikiwaka safari nzima, dereva asijue kwamba ameinyima gari gia yake ya juu. Kitufe hicho kina kazi mlimani. Tambarare, taa hiyo izimwe. Tena, ukitoka kilometa 80 kwa saa kwenda 100, upinzani wa upepo huongezeka kwa zaidi ya nusu. Ndani ya Hifadhi ya Serengeti mwisho ni 50, na hakuna aliyekufa kwa kuchelewa. Pima upepo wa matairi, shusha mizigo isiyo ya lazima juu ya paa, usiache injini ikinguruma ukinywa chai.

Najua hesabu ya tajiri inasubiri jioni, na dereva ndiye anayebanwa. Kwa hiyo maneno yangu ya mwisho nawaelekezea wenye magari. Mnawakabidhi vijana funguo na kiwango cha fedha cha kuleta, lakini hamwaelezi gari linavyofanya kazi. Waelezeni. Yule mtoto wa Kirumi hakuwa na deni lolote kwenye hesabu zenu.