Majivu ya Faili na Kimya cha Ukambani

Kesi ya Mau Mau iliyofunguliwa London mwaka wa 2009 hujulikana kwa jina la mlalamishi wake wa kwanza, Ndiku Mutua. Mwenzake mmoja aliitwa Paulo Muoka Nzili. Hayo ni majina ya Kikamba. Hata hivyo, anayesoma maandishi ya Kiswahili kuhusu vita hivyo, tangu *Kaburi Bila Msalaba* (1969) ya P. M. Kareithi hadi *Mzalendo Kimathi*, hupelekwa katika Kenya ya Kati na misitu yake. Kitui na Makueni hazionekani.

Sehemu ya kimya hiki ilitengenezwa makusudi. Mwaka wa 1961 Waziri wa Makoloni wa Uingereza, Iain Macleod, aliagiza kwamba serikali za nchi zitakazopata uhuru zisikabidhiwe nyaraka zinazoweza kuiaibisha serikali ya Uingereza au kuwafichua watoa habari wake. Nyeti zaidi ziliruhusiwa kushikwa na maafisa wenye asili ya Ulaya pekee. Nyingine zilisafirishwa hadi Uingereza, nyingine zikateketezwa. Maelekezo yalikuwa ya kina ajabu: karatasi zichomwe ziwe majivu, kisha majivu yenyewe yavunjwevunjwe, au zifungwe katika masanduku mazito na kutoswa penye kina kirefu, mbali na pwani. Hakuna ahangaikaye kuponda majivu ya karatasi zisizo na neno.

Mwanahistoria Caroline Elkins alipiga hesabu. Kwa takwimu rasmi waliozuiliwa walikuwa takriban 80,000, na idara tatu ziliweka faili ya kila mmoja. Zilipaswa kuwapo faili 240,000. Alipata mia chache tu. Mwaka wa 2011 serikali ya Uingereza ilikiri kwamba ilikuwa imeficha faili zipatazo 1,500 za Kenya huko Hanslope Park, na mwaka wa 2013 ikaeleza majuto yake na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa ajili ya walalamishi 5,228. Kesi ya pili, yenye walalamishi zaidi ya 40,000, ilianguka mwaka wa 2018 kwa hoja kwamba muda mrefu mno ulikuwa umepita. Ni vigumu kuipokea hoja hiyo bila kuukumbuka moto ule.

Kwa Ukambani hasara ni ya namna ya pekee, kwa kuwa historia yake haina upande mmoja. Vijana wengi wa Kitui na Machakos (Makueni ilikuwa bado sehemu ya Machakos) walijiunga na jeshi la KAR na polisi. Wengine walikula kiapo na kufungwa. Baada ya Operesheni Anvil ya Aprili 1954, magari moshi yaliyobeba mahabusu kutoka Nairobi kwenda kambi ya Manyani yalipita Sultan Hamud, Makindu, Kibwezi na Mtito Andei. Mtoto wa miaka kumi aliyesimama kando ya reli wakati huo sasa amepita themanini.

Wapo watakaosema kwamba kazi hii ni ya idara ya historia, tena wazee hao watazungumza Kikamba. Pingamizi hilo halina uzito. Tafsiri ni taaluma ya idara za Kiswahili, na zaidi ya hayo, lugha ya amri katika KAR na polisi ilikuwa Kiswahili. Faili zilizochomwa ziliandikwa kwa Kiingereza. Matusi, amri na maswali waliyotupiwa mahabusu hayakuwa na haja ya faili. Kiswahili hicho kingali vichwani mwa waliokitamka na waliotamkiwa, na wote wawili wanastahili kusikilizwa, hata kama ushuhuda wa aliyevaa sare utamuudhi msikilizaji. Kumbukumbu hukosea, naam. Lakini ripoti za maafisa wa wilaya nazo ziliandikwa na watu wenye la kuficha.

Kila mwaka tasnifu juu ya taswira na ishara katika riwaya zilezile huwekwa rafuni. Mwanafunzi mmoja tu mwenye kinasa sauti, ridhaa ya mzee na mkalimani wa Kikamba angeweza kuanzia Kibwezi likizo hii, kabla ya kwenda Mwingi na Mutomo.