Milango Ipo, Walinzi Ndio Wachache

Rugera, wilayani Karagwe, mama akijifungua, ushauri hufika kabla uji wake haujapoa. Juzi niliketi uani kwa jirani, kahawa imeanikwa kwenye mkeka, tukimpongeza mama wa mtoto wa siku nne. Yaliyosemwa pale kuhusu dawa na kichwa cha mtoto mchanga sikuyajibu, maana nilikuwa mgeni. Nayajibu hapa.

Kijana mmoja msomi alisema mtoto mchanga hana kizuizi kati ya damu na ubongo, kwa hiyo dawa yoyote inamwingia kichwani. Simlaumu, vitabu vingi vya zamani viliandika hivyo. Ukweli ni kwamba seli za mishipa midogo ya ubongo hubanana mtoto angali tumboni. Kinachochelewa ni pampu zilizo kwenye kuta za mishipa hiyo, ambazo kazi yake ni kurudisha baadhi ya dawa kwenye damu. Hizo huongezeka baada ya kuzaliwa. Nyumba ina milango, walinzi ndio hawajatimia. Tofauti hiyo si ya maneno tu, kwani anayeamini kwamba hakuna mlango kabisa atakataa hata sindano za ampisilini na jentamaisini mtoto akiwa na maambukizi kwenye damu, na ugonjwa huo haungoji.

Bibi mmoja akadakia: basi apewe Septrin ya maji, hiyo ni ya watoto, ni tamu. Shikamoo bibi, lakini hapana. Septrin ina salfa. Mwaka 1956, William Silverman na wenzake mjini New York walichapisha matokeo ya kulinganisha mipango miwili ya dawa za kuwakinga watoto njiti na maambukizi. Waliopewa penisilini pamoja na salfa walikufa zaidi, na ubongo wa baadhi yao ulikutwa umeingiwa na manjano. Sababu ilieleweka baadaye. Manjano ya mtoto ni bilirubini, mabaki ya chembe nyekundu za damu zilizovunjika, na kwenye damu husafiri imebebwa na protini iitwayo albumini, kama abiria aliyepata kiti. Salfa inakinyang'anya kiti, abiria anashushwa njiani. Bilirubini isiyo na mbebaji hupenya hadi kwenye ubongo hata kama ukuta ni mzima. Ubaya zaidi, kipimo cha damu kinaweza kuonyesha imepungua, kumbe imehama. Hata watoto waliozaliwa na mama wenye VVU huanzishiwa Septrin wiki ya 4 hadi ya 6, si siku ya nne.

Kuna waliosema, "Mkatie nusu, au robo." Nusu ya nini? Mwili wa mtoto mchanga una maji mengi, kwa hiyo dozi yake ya jentamaisini kwa kila kilo haiwi ya kubahatisha robo. Ila figo zake ni taratibu, ndiyo maana sindano hutolewa mara moja kwa saa 24. Ini nalo lina yake: mwaka 1959 nchini Marekani viliripotiwa vifo vya vichanga waliogeuka rangi ya kijivu, kwa sababu ini lao lilishindwa kuichakata kloramfenikoli. Hakuna kisu cha jikoni kinachokata hesabu hiyo.

La mwisho alilisema mama mwenyewe, kwa sauti ndogo: "Mwanangu hajanywa dawa yoyote, manjano yatatoka wapi?" Nilimwomba tusogee kwenye mwanga. Akabonyeza paji la uso la mtoto kwa kidole, akaachia. Kabla damu haijarudi, ngozi ilikuwa ya njano. Tukatazama viganja na nyayo, navyo vilianza kuwa vya njano. Shali aliyofunikwa mtoto ilikuwa imetolewa sandukuni asubuhi ile, ikinuka naftalini, yale matufe meupe ya kufukuza wadudu kwenye nguo. Huku kwetu kwenye malaria wapo watoto wengi wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, na kwao harufu hiyo inaweza kutosha kuvunja chembe za damu. Shali ikavuliwa, bodaboda ikaitwa, safari ya hospitali ikaanza.