Bukta ya bluu isiyo na zipu

KUTOKA MAWENZI
Na Ndeshi Kimaro

Binti wa kaka yangu alipopangiwa kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) baada ya kumaliza kidato cha sita, kazi ya kumtafutia vifaa iliniangukia mimi shangazi. Tukaingia soko la Memorial kabla jua halijapanda, yeye mbele na simu yenye orodha, mimi nyuma na pochi. Wazazi wa Moshi wanaijua orodha hiyo: bukta ya bluu iliyokoza, yenye mpira kiunoni, inayoishia magotini, isiyo na zipu. Fulana ya kijani isiyo na maandishi. Raba za kijani au bluu. Soksi ndefu nyeusi. Shuka mbili za bluu bahari. Aliyepangiwa kwenye baridi, Mafinga kwa mfano, abebe na nguo nzito, ingawa mtoto aliyekulia Kibosho hahitaji kuhubiriwa baridi.

Muuza mitumba akatuchambulia rundo. Akainua bukta moja, akaikung'uta, akaniuliza, "Mama, huyo kijana wako kiuno namba ngapi?" Kijana mwenyewe alikuwa amesimama hatua moja kutoka kwake, nywele fupi, mikono kiunoni. Hakujibu. Aliichukua bukta, akaipima juu ya sketi yake, akasema inamtosha. Muuzaji aliona haya, akatupunguzia elfu moja.

Nilichokipenda kwenye orodha ile ni kwamba bukta ni ileile kwa mvulana na kwa msichana. Jeshi la Kujenga Taifa limekuwapo tangu Julai 1963, na kuruta wake wanaamshwa kwa filimbi moja. Watakimbizwa mchakamchaka pamoja, watapigishwa kwata pamoja, na afande hatauliza nani alikuwa anasuka mtindo gani kwao. Hata hizo nywele fupi si uamuzi wa binti yangu. Shuleni alitakiwa anyoe, miaka sita mfululizo. Basi Serikali inamnyoa, inamvisha bukta, inamkimbiza hadi miguu inakomaa, halafu akitoka nje watu wanamshangaa mbona yuko kama mvulana.

Anacheza mpira, beki wa kati. Mwezi Aprili nilikwenda kumtazama kwenye uwanja wa vumbi huku Pasua, goli moja lina nyavu na jingine halina. Mshambuliaji wa wapinzani akamtoka winga wetu, akaingia na mpira ndani. Binti akateleza, akauchomoa mpira bila kumgusa mtu, akasimama nao. Pembeni kulikuwa na mwanaume mmoja mwenye hindi la kuchoma mkononi. Akapiga kelele: "Refa, mkague huyo! Hilo dume!" Watu wakacheka, na wanawake wakiwamo.

Mimi nilikuwa karibu na mstari, nikaona ambacho yeye hakukiona. Kwenye ndewe za masikio binti alikuwa amebandika vipande viwili vya plasta, vimeshalowa jasho. Chini ya plasta kulikuwa na hereni. Sheria za mpira zinakataza vito, na plasta haihalalishi, ila marefa wetu wa mchangani hulifumbia macho jambo hilo kwa sababu wanajua matundu mapya huziba upesi. Yeye alikuwa ametoboa wiki hiyohiyo.

Kiswahili kina neno jike dume, nalo linakata kuwili. Mjane wa Rombo aliyesomesha watoto sita kwa ndizi na kahawa ataitwa jike dume kwenye mazishi yake, na wote wataitikia. Msichana anayeuchomoa mpira ataitwa neno hilohilo, na hapo maana yake ni kwamba kuna kitu anaficha. Tofauti nionayo mimi ni kwamba wa kwanza ameshakufa.

Yule mwenye hindi hakulizua peke yake. Agosti 2021 Rais Samia Suluhu Hassan aliwaalika Ikulu vijana wetu wa chini ya miaka 23 waliotwaa kombe la CECAFA. Katika hotuba yake akawagusa wachezaji wa kike: kwamba wana vifua flati, kwamba mtu anaweza kuwadhania wanaume, kwamba kwa walivyo ndoa kwao ni ndoto. Nitamtendea haki. Alikuwa anaelekea kwenye hoja nzuri, kwamba mabinti hawa wanatuletea makombe, lakini miguu ikichoka wataishi vipi. Hiyo hoja hakuna aliyeishika. Kilichobaki midomoni mwa watu ni vifua. Catherine Ruge, aliyekuwa mbunge, alisema maneno yale yamewadhalilisha wanawake wote, na mimi nilikubaliana naye siku ile na bado nakubaliana naye. Rais ndiye Amiri Jeshi Mkuu. Miongoni mwa mabinti wanaotamba kwenye soka letu wamo JKT Queens, timu ya jeshi, ambao miaka miwili baadaye walitwaa ubingwa wa CECAFA wakaenda Ivory Coast kwenye Ligi ya Mabingwa ya Wanawake Afrika. Hao ni askari wake.

Ajabu ni kwamba jeshi, ambalo kazi yake ni kuwafananisha watu, ndilo lililotulelea wanamichezo wenye vichwa vyao. Filbert Bayi wa Karatu alikuwa askari. Wakati huo waliojua mbio za mita 1,500 walijificha nyuma ya wenzao, wakasubiri mzunguko wa mwisho. Yeye tarehe 2 Februari 1974, kule Christchurch, alitoka mbele tangu mlio wa bastola, akawaacha, akamaliza kwa 3:32.16, rekodi ya dunia. Meja Juma Ikangaa alirithi ukaidi uleule akashinda marathoni ya New York mwaka 1989. Tukawasifu: ana mtindo wake huyu! Mwanaume akiwa na mtindo wake ni kipaji.

Septemba 2025 mwanajeshi mwingine, Alphonce Simbu, alitupa dhahabu ya kwanza ya Tanzania kwenye mashindano ya dunia ya riadha, marathoni ya Tokyo, kwa tofauti ya sekunde 0.03. Moshi nzima tulipiga vigelegele. Simbu hakutakiwa kuleta cheti cha kuonyesha yeye ni nani. Wanawake wa mashindano yaleyale walitakiwa. Kuanzia tarehe 1 mwezi ule, Shirikisho la Riadha la Dunia linataka kila mwanamke apimwe mara moja, kwa sampuli ya ndani ya shavu au damu, kutafuta jeni iitwayo SRY, ambayo kwa kawaida huwa ya wanaume. Wako wanaosema ni haki, kwamba bila mpaka hakuna mbio za wanawake, na siwezi kuwaita wapumbavu. Mpaka lazima uwepo mahali. Ila nimewafuatilia majirani zetu waliokutwa juu ya mpaka huo, na habari zao si za majedwali.

Rio 2016, mita 800 wanawake: Caster Semenya wa Afrika Kusini, Francine Niyonsaba wa Burundi, Margaret Wambui wa Kenya. Jukwaa zima la Afrika. Mwaka 2019 kanuni mpya zikawataka washushe homoni zao za kiume za asili kwa dawa au wahame mbio. Niyonsaba akahamia mbio ndefu, na Septemba 2021 akaweka rekodi ya dunia ya mita 2,000. Machi 2023 kanuni zikapanuliwa hadi mbio zote, hata huko alikokimbilia. Wambui alipendekeza liwepo kundi la tatu, akaishia kukaa nyumbani. Wazee wetu walikuwa na neno huntha, kwa aliyezaliwa na dalili za jinsia zote mbili, na neno lenyewe linaonyesha kwamba watu hawa hawakuanza na maabara.

Anayeninyima usingizi ni Annet Negesa wa Uganda. Mwaka 2012 alikuwa anajiandaa kwa Olimpiki ya London, akaambiwa hawezi kwenda. Mwaka huohuo akafanyiwa upasuaji Kampala. Yeye anasema alidhani ni kitu kidogo kama sindano, akaamka na makovu tumboni. Shirikisho la Riadha la Dunia limekana kuhusika. Alipoyasema hadharani kwenye televisheni ya Ujerumani mwaka 2019, hakuweza tena kurudi kwao. Ujerumani ikampa hifadhi. Alikuwa msichana aliyekimbia kasi.

Sasa nifike pale ambapo mhariri wangu huvuta kiti. Yule wa Pasua aliposema "mkague" hakuwa anazungumzia jeni. Alichomaanisha, na waliocheka walikielewa, ni kwamba huyu atakuwa msagaji. Hapa kwetu nywele fupi, mwendo wa kutanua mabega na kutokuwa na mchumba vinajumlishwa, jibu linatoka. Na jibu hilo lina uzito. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, cha kujamiiana kinyume na maumbile, kinaanzia miaka 30 na kuishia kifungo cha maisha. Zanzibar mwaka 2004 ilitunga kosa la wanawake pia, kwa jina. Mwaka 2018 mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam wa wakati ule aliwataka wananchi wamtumie majina ya mashoga. Serikali ikasema hayo ni yake binafsi, lakini watu walishapata dawa ya jirani wasiyempenda.

Hivyo wachezaji wetu wapo ambao mioyo yao iko hivyo? Wapo, kama walivyopo kwenye kwaya, hospitali na benki, na sitamtaja mtu. Hakuna mchezaji wa Ligi Kuu yetu wala askari atakayesimama aseme, na nikiwa mama yake ningemwambia anyamaze. Uingereza ilikuwa ikiwafukuza wanajeshi wake kwa sababu hiyo hadi Januari 2000, Marekani hadi Septemba 2011. Majeshi hayo hayakuvunjika, ingawa Marekani mwaka 2025 imegeuza shingo tena na kuwaondoa waliobadili jinsia. Wenye bunduki nyingi kuliko wote bado wanabishana juu ya jambo hili, kwa hiyo tusijione washamba peke yetu.

Desemba 2024 niliingia kibanda umiza kimoja cha kutazamia mpira mjini kumtafuta fundi wangu wa bomba, nikamkuta katikati ya ubishi. Ligi ya Uingereza ilikuwa imewavisha manahodha kitambaa cha upinde wa mvua, ishara ya kuwaunga mkono mashoga na wasagaji. Marc Guehi wa Crystal Palace, mtoto wa mchungaji, alikivaa lakini akaandika juu yake kwa kalamu kwamba anampenda Yesu. Sam Morsy wa Ipswich, Mwislamu, alikataa kukivaa kabisa. Kibanda kiligawanyika pande tatu: wa Guehi, wa Morsy, na wale waliotaka tu mpira uendelee. Fundi wangu alikuwa wa Guehi. Akaniambia, "Mama Ndeshi, yule kijana ni mwanaume. Amesema la moyoni mwake mbele ya watu wote."

Nilimwambia tumalize bomba kwanza. Lakini sentensi yake nimekaa nayo. Alimsifu Guehi kwa kusema la moyoni mwake akiwa amevaa jezi ya watu elfu ishirini na kitu. Morsy naye alisema la moyoni mwake, kwa mkono mtupu. Na mwenzao aliyekivaa kitambaa bila kuandika kitu naye alisema lake. Wote wakacheza dakika 90, wakaenda kuoga. Fundi anamtakia Guehi uhuru huo, na mimi pia namtakia. Ninachoshindwa kuelewa ni vipi unaweza kuukata vipande, hiki cha Guehi kibaki na kingine kitupwe.

Najua barua zitakuja. Zipo zitakazosema ninaleta mambo ya Wazungu. Sawa, ila mwenye hindi la kuchoma hakuwa Mzungu, wala binti yetu, beki wa kati. Nilipokuwa sekondari nilipenda mpira, mwalimu mmoja akaniondoa uwanjani akanipeleka netiboli, akasema mpira wa miguu ungeniharibia ndoa. Nikacheza netiboli. Ndoa iliharibika baadaye kwa sababu nyingine kabisa, lakini hiyo ni safu ya siku nyingine.

Basi la kwenda kambini liliondoka stendi alfajiri. Bukta ilikuwa imekunjwa juu kabisa ya begi ili ikaguliwe upesi. Kabla hajapanda, binti alivua hereni zake, akazifunga kwenye kipande cha gazeti, akanikabidhi, kwa sababu kambini haziruhusiwi. Nimeziweka kwenye kopo la majani ya chai. Ameniambia matundu yakiziba atatoboa mengine, ila hereni zile nisithubutu kumpa mdogo wake.