Paka ndani ya nyumba: tumwekee nini katika sanduku lake?

Tangu tulipoandika juu ya panya wanaotoboa mifuko ya unga, maswali yanayotufikia ni ya paka. Wengi wenu mmeleta paka nyumbani, panya wamepungua, lakini sasa kuna shida nyingine: mavi ya paka. Yanaonekana chini ya kitanda, nyuma ya mfuko wa makala, na vibaya zaidi, ndani ya lundo la mchanga wa kujengea ambamo watoto wanacheza siku nzima. Mama mmoja mwenye mimba ya miezi minne ametuuliza kama ni lazima amfukuze paka wake, maana jirani amemwambia kwamba paka anaharibu mimba. Tutamjibu. Lakini tuanzie kwenye sanduku, kwa sababu sehemu kubwa ya jibu lake iko humo.

Paka hachafui nyumba kwa ubaya wa roho. Ukoo wake unatoka kwa paka wa pori, wanyama wa nchi kavu, na mpaka leo ameshika desturi yao: anatafuta mahali pakavu penye udongo mwepesi, anachimba, anajisaidia, anafunika. Akikosa mahali pa namna hiyo, anachagua panapofanana napo. Kule Goma ardhi ya parsele nyingi ni mawe ya volkano, hata jembe linalia. Paka atachimba nini? Hapa Bukavu, upande wa Kadutu na vilima vingine, nyumba zimebanana, na kila kipande kidogo cha udongo ni bustani ya lengalenga ya mtu. Paka wako akienda kuchimba kule, jioni utasikia jina lako linaitwa kwa sauti. Tena wengi wetu tunamfungia ndani usiku ili asiishie katika sufuria ya watu. Basi mnyama aliyefungiwa ndani anahitaji choo ndani.

Sanduku halina gharama. Twaa bidon ya njano ya litri 20 iliyokwisha kutoboka, ilaze, ukate ubavu wa juu, kisha uzungushie kitambaa kwenye kingo ili zisimkate. Beseni ya zamani inafaa vilevile. Kitoto cha paka kinahitaji ukingo mfupi, la sivyo kitajisaidia pembeni na wewe utakipiga bure. Weka sanduku mahali pa kimya, mbali na sahani yake ya chakula. Hata paka hapendi kulia chooni. Ukiwa na paka wawili, weka masanduku mawili au zaidi.

Sasa tutie nini ndani? Wengi wanatia majivu ya mbabula, kwa kuwa yapo kila asubuhi na ni ya bure. Sisi hatuyapendi. Majivu yanaruka, yanaingia puani mwa paka na mwa watoto, na yakilowa mkojo yanakuwa makali kama yale maji ya majivu ambayo bibi zetu walifulia nguo. Nyayo za paka zinawashwa, naye anazilamba. Halafu anapanda kitandani na kuacha alama nyeupe kwenye shuka. Wala si sisi wa kwanza kuyachoka. Mwaka 1947, katika jimbo la Michigan kule Marekani, mwanamke mmoja alichoshwa na nyayo za majivu nyumbani mwake, akaenda kwa jirani yake Edward Lowe kutafuta kitu kingine. Lowe akampa udongo mkavu wa mfinyanzi, wa chembechembe, uliokuwa ukiuzwa kwa kunyonya mafuta yaliyomwagika. Ulinyonya mkojo vizuri kiasi kwamba Lowe alianza kuuza udongo huo katika mifuko, na biashara nzima ya udongo wa paka ilitoka hapo. Mifuko ya namna hiyo inafika katika duka moja moja za miji yetu, kwa bei ambayo mama wa sokoni hawezi kuilipa kila juma. Ukiweza kuinunua, chagua isiyo na marashi. Pua ya paka ni kali kuliko yetu, na harufu ya maua inayotupendeza sisi inaweza kumfanya alikimbie sanduku. Ile inayogandamana ikilowa usimpe mtoto wa paka mdogo sana, kwa sababu bado anaonja kila kitu.

Mchanga ndio paka anaoupenda kuliko vyote. Chembe zake ni ndogo, unachimbika, unafunika. Ubaya wake ni kwamba haunyonyi: mkojo unashuka mpaka chini ya beseni na kukaa pale, na siku ya pili nyumba nzima inanuka. Ni mzito pia kwa mwenye kuuchota na kuupandisha kilimani. Kwa anayeishi karibu na mchanga wa bei ndogo, shauri letu ni kutandika chini kurasa za kaye za zamani, kisha mchanga juu yake, kina cha vidole vitatu au vine. Mwisho wa mwaka wa masomo kila nyumba ina kaye zilizojaa. Sisi walimu tunawaambia msichome zote. Mchanga usitoke katika lundo la mafundi, na uliotumika usirudi huko kamwe.

Kwa nyumba nyingi, kitu tunachokishauri zaidi ni vumbi la mbao la seremala. Linanyonya mkojo, linapunguza harufu, ni jepesi kubeba. Lakini msichukue lolote mnalolikuta. Kwanza muulize seremala kama mbao zilipakwa dawa ya wadudu au mafuta machafu ya gari. Hilo liacheni, maana paka atalilamba kutoka nyayoni. Pili, lililo laini kama unga linamfanya apige chafya. Lichekecheni mbaki na chembe zenye ukubwa wa mchele. Nyembamba ndefu zinazojikunja za randa si nzuri sana, hazifuniki. Mtashindana na wafugaji wa kuku na wale wanaopikia vumbi, kwa hiyo mpatane na seremala mapema. Wenzetu wa Luvungi na bonde la Ruzizi wana maganda ya mpunga. Yanafaa, ila yanaruka kila mahali na yananyonya kidogo. Mchanganye na vumbi la mbao. Chenga za makala zinazobaki chini ya mfuko, kiganja kimoja tu kikichanganywa humo, zinapunguza harufu. Kiganja kimoja tu, tumesema, vinginevyo mtakuwa na paka mwenye viatu vyeusi.

Tuje kwa mama mwenye mimba. Jirani yake hakudanganya kabisa, lakini hakusema yote. Kuna ugonjwa unaoitwa toksoplasmosi. Paka anaupata kwa kula panya mwenye kidudu chake au nyama mbichi. Kwa kawaida, baada ya kuambukizwa mara ya kwanza, anatoa mayai ya kidudu hicho katika mavi yake kwa muda wa juma moja mpaka matatu, halafu anaacha. Mama akiupata kwa mara ya kwanza akiwa na mimba, unaweza kumfikia mtoto: mimba kutoka, au mtoto kuzaliwa na maji kichwani au na ugonjwa wa macho. Kwa hiyo si jambo la kuchekea. Lakini sikilizeni: mayai yale yakitoka hayaambukizi palepale. Yanahitaji siku moja mpaka tano ili yakomae. Mavi yanayotolewa kila siku, bila kukosa siku hata moja, yanaondoka kabla hayajawa na nguvu. Yanayolala kwenye udongo au mchanga yanaweza kubaki na uhai miezi mingi. Ndiyo sababu lundo la mchanga la nje linatutisha kuliko sanduku la ndani.

Basi, mama, usimfukuze paka. Usiguse sanduku lake. Kazi hiyo aifanye baba wa nyumba au kijana mkubwa, na hapa tunasema wazi: si kila kazi ya uchafu iangukie binti. Kama kweli hakuna mtu mwingine, vaa sashe mikononi, toa mavi kila siku, kisha nawa kwa sabuni. Mpe paka chakula kilichopikwa, hata yale matumbo ya samaki. Na usisahau kwamba wengi wanaupata ugonjwa huu bila paka yeyote, kwa nyama isiyoiva vizuri, mboga zisizooshwa na mikono yenye udongo wa shamba. Siku ya CPN mwambie muuguzi kwamba una paka, umuulize juu ya kipimo.

Yote yaliyo ndani ya sanduku yabadilishwe walau mara moja kwa juma. Yatupwe katika choo cha shimo au yafukiwe mbali na chemchemi na bustani. Msiyatie katika bustani kama mbolea. Msiyatupe katika kanivo: mvua yetu inayashusha kwa jirani wa chini, kisha ziwani, nasi tunachota huko. Beseni lioshwe kwa sabuni, likaushwe juani. Mara kwa mara limwagiwe maji yanayochemka, kwa sababu Javeli haiyaui vizuri mayai ya toksoplasmosi. Tena Javeli juu ya mkojo wa paka inatoa hewa kali inayochoma kifua. Tunajua mama zetu wanavyoiamini Javeli, lakini hapa iacheni.

Paka aliyezoea nje hatalikubali sanduku siku ya kwanza. Chota udongo kidogo mahali alipozoea kuchimba, uchanganye na vumbi la mbao, na kila mara unapobadilisha punguza ule udongo. Kumsugua pua katika mavi yake hakumfundishi chochote, kunamfundisha kukuogopa tu. Na kama alikuwa amezoea, kisha ghafla anaanza kukojoa mahali pengine, chunguza kwanza kama sanduku ni chafu au limehamishwa. Dume anayechuchumaa tena na tena, analia, na hakuna hata tone linalotoka, huyo mkojo wake umeziba. Asisubiri kesho; apelekwe kwa daktari wa wanyama siku hiyohiyo, maana anaweza kufa kwa siku mbili au tatu.