Cheti cha Samaki na Amana ya Muuzaji

Sifa njema zote ni za Allah (S.W.), aliyetuhalalishia mavuvi ya majini. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.).

Ndugu Waislamu, sangara wa Mugango akipelekwa kiwandani, haingii Ulaya bila ya cheti cha afya. Mkaguzi wa serikali hukagua kiwanda, sampuli hupimwa katika maabara ya samaki iliyoko Nyegezi, Mwanza, ndipo cheti hutiwa saini. Sharti hilo linawahusu pia kamba na pweza wa pwani. Wapo wanaoliita dhulma ya wageni. Sisi hatuoni hivyo.

Tukumbuke mwaka 1999. Watu wachache kandokando ya Ziwa Viktoria walimwaga dawa za kuulia wadudu majini ili wavue kwa wepesi. Ulaya ikawafungia mlango samaki wa Uganda, Kenya na Tanzania mpaka mwaka 2000. Mvuvi asiyewahi kugusa sumu alikosa soko sawa na aliyeimwaga.

Ukaguzi si jambo geni katika dini yetu. Mtume (S.A.W.) alipita sokoni, akaingiza mkono katika lundo la chakula, akakuta unyevu chini yake. Alimkemea muuzaji kwa kutouweka juu watu wauone, akabainisha kuwa mdanganyifu hayumo katika njia yake. Katika msingi huo ndimo ilimokua hisba, yaani usimamizi wa masoko. Basi cheti ni ushahidi, na ushahidi wa uongo ni katika madhambi makubwa, kwa ofisa anayeuuza na kwa mfanyabiashara anayeununua.

Linalotuumiza ni jingine. Samaki bora hupanda gari la kiwandani. Aliyelegea hubakia mwaloni akauziwa jirani. Mlaji wa ng'ambo analindwa na cheti. Mtoto wa Mugango analindwa na nini, ila kauli ya muuzaji na jicho la mama yake? Je, mgeni wa mbali ana haki zaidi kuliko jirani, ambaye Mtume (S.A.W.) ametuusia mno juu yake?

Kwa hiyo tunawasihi wavuvi wasiwafiche wenye sumu kwa kuwa ni ndugu zao. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 imeikataza, na dini imeitangulia. Serikali nayo ikague mialo na masoko ya ndani kwa ukali ule ule. Na muuzaji ajue kuwa mkaguzi akiondoka, Allah yupo na anaona.

Wallahu a'lam.